Kusanidi na kukagua laini za E1 na T1 kwenye ruta: kutoka kwenye waya hadi kwenye itifaki

Laini ya E1 (laini ya kidijitali ya kampuni ya simu, inayobeba sauti au data; T1 ni ndugu yake wa Marekani) ikigoma, watu wengi hukimbilia anwani ya IP na jedwali la njia, na huko ndiko wanakopoteza muda mwingi bure. Laini ya kidijitali imejengwa kwa tabaka: kwanza umeme kwenye waya, halafu fremu (mafungu ya biti), halafu saa (mwendo wa kutumia biti), halafu nafasi za muda, na juu ya yote hayo ndipo inapokuja itifaki. Tabaka la juu haliwezi kuwa zima ikiwa la chini yake ni bovu. Uzuri ni kwamba ruta yenyewe hukuambia ni tabaka gani lina tatizo, mradi ujue kusoma inachosema.

Mwongozo huu unafuata mpangilio huo, kutoka chini kwenda juu. Amri zote ni za Cisco IOS, mfumo endeshi wa ruta za Cisco, kwa sababu ndizo zinazokutwa sana kwenye kazi hizi. Ukiwa na ruta ya kampuni nyingine maneno yatabadilika, lakini mambo ya kusanidi na ya kukagua ni yaleyale.

## Kinachopita ndani ya laini

E1 hubeba megabiti 2.048 kwa sekunde. Namba hiyo haikutokea hivihivi. Sauti ya simu ya kidijitali hupimwa mara 8,000 kwa sekunde, na kila kipimo ni biti 8, kwa hiyo simu moja inahitaji kilobiti 64 kwa sekunde. E1 hukusanya nafasi 32 za aina hiyo katika fremu moja ya biti 256, na fremu 8,000 hupita kila sekunde. Nafasi zinahesabiwa kuanzia 0 hadi 31. Nafasi ya 0 si yako: humo ndimo upande wa pili unapotambulia fremu inaanzia wapi, na ndimo taarifa za alamu zinamosafiri. Nafasi ya 16 hutumika kwa ishara za simu kama laini ni ya sauti. Kama ni ya data tupu, unaweza kuitumia kama nyingine yoyote. Ndiyo maana E1 ya data yenye fremu hukupa nafasi 31, yaani kilobiti 1,984.

T1, iliyoanza kazi Marekani mwaka 1962, ina nafasi 24 tu na biti moja ya ziada kwa kila fremu. Fremu yake ni biti 193 na kasi yake ni megabiti 1.544. Nafasi zake zinahesabiwa kuanzia 1. Mengi nitakayosema kuhusu E1 yanaihusu T1 pia, na pale zinapoachana nitaeleza.

## Maswali ya kuuliza kabla hujagusa ruta

Pata majibu haya kwa maandishi kutoka kwa mtoa huduma. Ukijibiwa kwamba ni laini ya kawaida tu, rudia kuuliza, kwa sababu hakuna mpangilio mmoja wa kawaida.

- Ni E1 au T1? Ina fremu au haina?
- Kama ni E1, CRC-4 (ukaguzi wa makosa) imewashwa au imezimwa? Kama ni T1, fremu zake ni za aina ya SF au ESF?
- Msimbo wa laini (jinsi biti zinavyogeuzwa kuwa mapigo ya umeme) ni HDB3, B8ZS au AMI?
- Nafasi zipi za muda ni zetu?
- Saa inatoka kwenye mtandao wenu, au tunatakiwa kuitoa sisi?
- Waya ni wa jozi zilizosokotwa wenye omu 120, au ni koaksi ya omu 75?
- Upande wa pili unaendesha itifaki gani juu ya laini: PPP, HDLC au Frame Relay za data, au ISDN ya simu?

Swali la saa lisisitize kuliko yote. Mengi ya mengine ukikosea, laini haiwaki na unajua mara moja kwamba pana kosa. Saa ukiikosea, laini inawaka, taa inakuwa ya kijani, na makosa yanaanza kuingia polepole huku kila mtu akilaumu programu.

Jambo jingine la kutangulia: kama unaifikia ruta kupitia laini ileile unayotaka kuibadilisha, andika `reload in 10` kabla ya kuanza. Ukijikatia njia, baada ya dakika kumi ruta itajiwasha upya na kurudi kwenye usanidi uliohifadhiwa. Mambo yakienda sawa unafuta agizo hilo kwa `reload cancel`. Sharti lake ni moja: usihifadhi mabadiliko mpaka uwe umeyathibitisha.

## Waya na plagi

Kwenye soketi ya RJ-48C ya ruta, pini 1 na 2 hupokea, pini 4 na 5 hutuma. Soketi ya mtoa huduma kwa kawaida imegeuzwa tayari, hivyo kebo iliyonyooka inatosha. Ukiunganisha ruta mbili moja kwa moja, unahitaji kebo inayovuka: pini 1 iende 4, na pini 2 iende 5, kwa pande zote mbili. Hapa watu hukosea kila siku. Kebo inayovuka ya Ethaneti haifai, kwa kuwa yenyewe huvusha 1 kwenda 3 na 2 kwenda 6, na pini 4 na 5 inaziacha bila kuziunganisha na zinakotakiwa. Kebo ya Ethaneti iliyonyooka, kwa upande mwingine, inafanya kazi vizuri kwa masafa mafupi, kwani jozi zake zimepangwa hivyohivyo.

E1 ya koaksi ina kebo mbili, moja ya kutuma na moja ya kupokea. Ukitaka kuiunganisha na soketi ya jozi zilizosokotwa, weka kigeuzi cha balun kati yake, kinachopatanisha omu 75 na omu 120. Baadhi ya kadi hupokea aina zote mbili na hutaka uziambie ni ipi, kwa amri `line-termination 75-ohm` au `line-termination 120-ohm` ndani ya kontrola (sehemu ya ruta inayoendesha laini yenyewe). Ukiacha omu zisizolingana, mawimbi hurudi nyuma kwenye waya. Laini inaweza kuwaka hivyohivyo, ikawa na makosa yasiyo na mpangilio.

Tengeneza plagi ya kitanzi na uitunze kwenye mkoba wako. Ni kichwa kimoja cha plagi na vipande viwili vya waya: pini 1 kwenda 4, pini 2 kwenda 5. Ukiichomeka kwenye ruta, kila inachotuma inakipokea yenyewe. Weka saa ya kontrola iwe ya ndani wakati wa jaribio hili, kwani hakuna mtu wa nje anayeleta saa. Kontrola ikiwaka bila alamu, kadi yako ni nzima na tatizo liko nje ya ruta. Jaribio la dakika moja hukata ubishi wa siku nzima.

## Kuitambulisha kadi

Anza kwa `show inventory` uone kadi iko kwenye tundu gani. Kadi nyingi zinaweza kuwa E1 au T1, na ruta haionyeshi kontrola yoyote mpaka uchague:

```
configure terminal
 card type e1 0 1
```

Hapo 0 ni tundu kuu na 1 ni tundu dogo. Ukikuta kadi ilishawekwa kuwa T1 na unataka iwe E1, tarajia kuiwasha ruta upya ili mabadiliko yashike, kwa hiyo panga kazi hiyo wakati ambao watumiaji hawapo.

## Kusanidi kontrola

Kontrola ndiyo laini halisi: umeme, fremu na saa. Kiolesura cha Serial kitakachozaliwa baadaye ni mgawo tu wa nafasi zilizomo ndani ya kontrola. Mtu akitenganisha mambo hayo mawili kichwani mwake, nusu ya kazi imekwisha.

```
controller E1 0/1/0
 description Laini ya data, namba ya mtoa huduma iandikwe hapa
 framing crc4
 linecode hdb3
 clock source line
 channel-group 0 timeslots 1-31
 no shutdown
```

`framing` huwa `crc4` au `no-crc4`. CRC-4 huongeza ukaguzi ndani ya nafasi ya 0 bila kula uwezo wako: kila kundi la fremu nane hupewa hesabu yake, kwa hiyo laini hukaguliwa mara 1,000 kwa sekunde. Kama mtoa huduma anaikubali, iwashe. Bila hiyo ruta haina jinsi ya kujua kwamba biti zinaharibika njiani, isipokuwa makosa yale yanayovunja kanuni za umeme wa laini hapo karibu.

Pande mbili zikitofautiana, dalili yake ni ya pekee na inafaa kuikariri. Upande wenye `crc4` unatafuta alama ambazo hazipo na kutangaza kwamba umepoteza fremu. Upande wenye `no-crc4` unaona fremu vizuri kabisa, ila unapokea malalamiko kutoka kwa mwenzake. Ukiona mmoja analia fremu na mwingine analia alamu ya mbali tu, kagua hilo kabla ya kugusa waya.

`linecode` huwa `hdb3` kwa karibu kila E1 utakayokutana nayo. Sababu ya msimbo huo kuwepo ni kwamba mpokeaji huipata saa kutokana na mapigo yenyewe ya umeme. Sufuri nyingi zikifuatana kwenye AMI, msimbo usiobadilisha sufuri, waya unanyamaza na mpokeaji anapoteza mwendo. HDB3 hubadilisha kila sufuri nne mfululizo kwa muundo wenye pigo linalovunja kanuni kwa makusudi, na mpokeaji huutambua na kuzirudisha sufuri zake. B8ZS ya T1 hufanya jambo hilohilo kwa sufuri nane.

Kwa T1, kizuizi hichohicho kinakuwa hivi:

```
controller T1 0/1/0
 framing esf
 linecode b8zs
 clock source line
 channel-group 0 timeslots 1-24 speed 64
```

Andika `speed 64` waziwazi, kwani kuna ruta ambazo zisipoambiwa huchukua 56 kwenye T1. Upande mmoja ukiwa 56 na mwingine 64, kontrola inakuwa safi kabisa na hakuna pakiti hata moja inayopita.

Laini isiyo na fremu husanidiwa kwa `channel-group 0 unframed`. Unapata megabiti zote 2.048, lakini unapoteza ukaguzi wa CRC-4 na alamu ya mbali. Binafsi siitaki isipokuwa vifaa vya katikati vimelazimisha, maana kilobiti 64 za ziada hazilipi gharama ya kupofuka siku laini inapougua.

## Saa, tabaka linalodharauliwa

Pande mbili za laini zinapaswa kutuma biti kwa mwendo mmoja, kama watu wawili wanaotwanga kwenye kinu kimoja: lazima mmoja aongoze na mwingine afuate. Kanuni ni fupi: katika kila laini, saa itoke mahali pamoja tu.

Kama mtandao wa mtoa huduma unatoa saa, ruta zote mbili ziwe `clock source line`. Kama laini inapita kwenye modemu, redio au nyaya tupu zisizo na saa yake, ruta moja iwe `clock source internal` na nyingine `line`. Zote zikiwa `line` bila kiongozi, kila moja inamfuata mwenzake na mwendo unayumba. Zote zikiwa `internal`, kila moja inaenda kivyake.

Tuangalie hali hiyo ya mwisho kwa hesabu, maana hesabu ndiyo inayokuonyesha ukubwa wa tatizo. Tuseme saa mbili zimetofautiana kwa sehemu 50 katika milioni. Kwa kasi ya 2,048,000, tofauti hiyo ni biti 102.4 kila sekunde. Biti za ziada hujaa kwenye hifadhi ndogo ya mpokeaji, na zikifika 256 mpokeaji hana pa kuziweka: anatupa fremu nzima. Gawanya 256 kwa 102.4 upate sekunde 2.5. Kila sekunde 2.5 fremu moja inapotea, mchana na usiku. Mtelezo wa namna hiyo huonekana hivi kwenye `show controllers e1 0/1/0`:

```
E1 0/1/0 is up.
  No alarms detected.
  Framing is CRC4, Line Code is HDB3, Clock Source is Internal.
  Data in current interval (300 seconds elapsed):
     0 Line Code Violations, 0 Path Code Violations
     120 Slip Secs, 0 Fr Loss Secs, 0 Line Err Secs, 0 Degraded Mins
     120 Errored Secs, 0 Bursty Err Secs, 0 Severely Err Secs, 0 Unavail Secs
```

Angalia vizuri. Laini iko juu. Hakuna alamu. Makosa ya waya ni sufuri, ya CRC-4 ni sufuri. Lakini sekunde 120 kati ya 300 zina mtelezo, yaani mmoja kila sekunde 2.5. Mtu anayesoma mstari wa kwanza tu ataondoka akiamini kazi imekwisha. Simu zitakuwa na milio midogo ya kukatika, faksi zitashindwa, na pakiti kubwa zitapotea kuliko ndogo. Mtelezo unaokuja kwa vipindi sawasawa namna hii ni saa, wala usihangaike na kebo.

Kwa kulinganisha, mitandao miwili mikubwa yenye saa kuu za kiwango cha ITU G.811, zisizokosea zaidi ya sehemu moja katika bilioni mia, hutarajiwa kuteleza mara moja tu katika siku 72 hivi. Hicho ndicho kipimo cha laini nzima: kihesabio cha mitelezo kikae sufuri kila siku unapokitazama.

Ruta ya sauti ina mtego wa ziada. Vichakata sauti vyote vinatumia saa moja ya ndani ya ruta, kwa hiyo ukiwa na laini kadhaa lazima useme ipi iongoze:

```
network-clock-participate wic 1
network-clock-select 1 E1 0/1/0
```

Kwenye IOS XE maneno ya amri hizi ni mengine, kwa hiyo andika `network-clock ?` uone chaguo ulizonazo. Ukipokea laini kutoka kwa watoa huduma wawili wasiofuata saa moja, mmoja wao atateleza hata ukifanya yote sawa, na hilo ni vizuri walijue mapema.

## Nafasi za muda na kiolesura

Ukishaandika `channel-group 0`, ruta huzaa kiolesura `Serial0/1/0:0`. Namba baada ya nukta mbili ni namba ya kundi, haihusiani na nafasi ya muda.

```
interface Serial0/1/0:0
 ip address 192.0.2.1 255.255.255.252
 encapsulation ppp
 no shutdown
```

Ukipewa sehemu tu ya laini, tuseme nafasi 1 hadi 8, andika `timeslots 1-8` na hakikisha upande wa pili ameandika nafasi zilezile, si idadi ileile. Nafasi nane za mwanzo na nafasi nane za mwisho ni kilobiti 512 kote kote, lakini hazisikilizani. Kubadilisha nafasi kunahitaji kulifuta kundi kwanza, na kiolesura chake kinaondoka nalo. Nakili usanidi wake pembeni kabla hujafuta.

Laini ya ISDN ya sauti haina `channel-group`. Inatumia hivi:

```
isdn switch-type primary-net5
controller E1 0/1/0
 pri-group timeslots 1-31
```

Chaneli ya ishara inakuwa `Serial0/1/0:15`, ingawa inakaa kwenye nafasi ya 16, kwa kuwa hapa ruta huhesabu kuanzia sufuri. Kwenye T1 ni `:23`. Kagua kwa `show isdn status`: unatafuta `ACTIVE` kwenye tabaka la kwanza na `MULTIPLE_FRAME_ESTABLISHED` kwenye la pili. Ukiona `TEI_ASSIGNED` haibadiliki ilhali kontrola ni safi, mara nyingi pande zote mbili zimejiweka kuwa mteja. Moja inatakiwa kuwa mtandao, kwa `isdn protocol-emulate network`.

## Kusoma alamu

Alamu ni nne tu za kujua, na kila moja inakuelekeza upande wa kutazama.

`Receiver has loss of signal`: hakuna mapigo kabisa yanayofika. Kagua jozi yako ya kupokea, plagi, na kama upande wa pili umewashwa.

`Receiver has loss of frame`: mapigo yapo, ila ruta haioni mpangilio wa fremu. Linganisha `framing`, kisha msimbo wa laini.

`Receiver is getting AIS`: unapokea biti za 1 tupu mfululizo. Kifaa fulani katikati kimekosa ishara kutoka upande wa pili, kikaendelea kutuma kuelekea kwako ili ujue kiko hai. Waya wako wa kupokea ni mzima. Usibadilishe kitu kwako. Mpigie mtoa huduma na umwambie neno hilo hasa, AIS, ajue aanzie wapi.

`Receiver has remote alarm`: unasikia vizuri, lakini mwenzako analalamika kwamba hakusikii. Tatizo liko kwenye njia yako ya kutuma. Hii ndiyo alamu inayosomwa vibaya kuliko zote. Watu hubadilisha kebo ya kupokea, au husubiri upande wa pili urekebishe, na ukweli ni kwamba waya uliolegea uko kwenye pini 4 au 5 mbele yao.

## Kusoma vihesabio

Ruta hugawa muda katika vipindi vya dakika 15 na kutunza vipindi 96, yaani saa 24. Soma kipindi cha sasa ukiwa unarekebisha. Jumla ya saa 24 ina makosa ya asubuhi ulipokuwa unachomoa kebo, nayo itakudanganya.

`Line Code Violations` ni mapigo yaliyovunja kanuni ya msimbo. Makosa haya huhesabiwa kwenye kipande cha waya kati ya ruta na kifaa cha kwanza cha mtoa huduma, kwa sababu kifaa hicho huzalisha mapigo upya. Yakipanda, shuku kebo, plagi, omu, au msimbo usiolingana.

`Path Code Violations` ni makosa ya CRC-4, na yanahusu njia ndefu zaidi. Yakipanda peke yake, waya wa karibu ukiwa safi, uharibifu uko mbali, ndani ya mtandao wa mtoa huduma.

Sekunde zisizopatikana huanza kuhesabiwa laini ikishakuwa mbovu sana kwa sekunde 10 mfululizo. Ukikuta sekunde za aina hiyo usiku wa manane, siku baada ya siku, muulize mtoa huduma anafanya nini saa hizo.

Halafu panda hadi `show interfaces serial 0/1/0:0`. Hapo pana hali mbili za kutambua:

Kontrola safi, kiolesura `up`, itifaki `down`: nafasi za muda hazilingani, au itifaki ni tofauti, mfano PPP huku na HDLC kule. HDLC ya Cisco hutuma salamu kila sekunde 10, na ikikosa majibu matatu hujishusha.

Kontrola safi, itifaki `up`, makosa ya CRC kwenye kiolesura yanapanda: hesabu hii ya CRC ni ya pakiti, tofauti na CRC-4 ya fremu. Kama makosa ya msimbo nayo yapo, rudi chini. Kama hayapo, tazama mitelezo.

## Kuijaribu laini kwa nguvu

Ping ya kawaida haitoshi kuthibitisha chochote. Tuma pakiti kubwa, nyingi, zenye maudhui magumu:

```
ping 192.0.2.2 repeat 1000 size 1500 data 0000
ping 192.0.2.2 repeat 1000 size 1500 data FFFF
ping 192.0.2.2 repeat 1000 size 1500 data AAAA
```

Sufuri tupu ndizo zinazoumiza. Kama FFFF zinapita zote na 0000 zinapotea, msimbo wa laini haulingani mahali fulani: kuna kifaa njiani kilichobaki kwenye AMI. Laini kama hiyo inaweza kufanya kazi miezi mingi bila malalamiko, mpaka siku mtu atakapotuma faili lenye sufuri nyingi, nalo likakwama palepale kila linaporudiwa.

Ping zikishindwa, gawanya njia kwa vitanzi. Anza na kitanzi cha ndani ya kontrola, halafu plagi ya kitanzi, halafu mwombe mtoa huduma aweke kitanzi kwenye kifaa chake cha karibu nawe, kisha cha mbali. Kila hatua inayopita inasogeza mpaka wa tatizo mbele. Majina ya amri za vitanzi hutofautiana kati ya kadi na kadi, na neno `local` kwenye kadi moja hurudisha data kwako, kwenye nyingine hurudisha kwa mtandao. Andika `loopback ?` usome maelezo kabla ya kubonyeza.

Kwa vitanzi, HDLC ni rahisi kuliko PPP. Ukiweka HDLC, `show interfaces` huandika `looped` na unaweza kuping anwani yako mwenyewe. Pakiti inatoka, inazunguka, inarudi. PPP hugundua kitanzi kwa namba yake ya kujitambulisha na kukataa kuwaka, kwa hiyo badilisha kwa muda na ukumbuke kurudisha.

Kadi yako ikiwa na kipima makosa cha ndani, mwombe mtoa huduma aache kitanzi upande wa mbali, kisha:

```
controller E1 0/1/0
 bert pattern 2^15 interval 10
```

Namba 10 ni dakika. Katika muda huo biti zaidi ya bilioni moja hupita na kurudi, na kila moja inakaguliwa. Laini haitabeba data ya watumiaji wakati huo. Matokeo yako kwenye `show controllers`, na idadi ya kukubali ni sufuri.

## Kukabidhi, na kulalamika inavyopasa

Usikubali laini siku ileile ilipowashwa. Iache saa 24 ikiwa na mzigo, kisha soma vipindi vyote 96. Vikiwa safi, `copy running-config startup-config`, na uhifadhi matokeo ya `show controllers` kwenye faili lenye tarehe. Siku laini itakapoharibika, faili hilo ndilo litakaloonyesha ilikuwaje ilipokuwa nzima.

Ukilazimika kufungua malalamiko, mtoa huduma atafanya kazi haraka ukimpa vitu vitano: namba ya laini, alamu kama ilivyoandikwa na ruta, kipindi cha dakika 15 ilipoanza pamoja na saa za eneo ulizotumia, ni kihesabio gani kinapanda, na kitanzi cha mwisho kilichopita pamoja na cha kwanza kilichoshindwa. Taja pia kwamba plagi ya kitanzi kwenye soketi yako ilitoa laini safi. Hapo fundi wao hataanza kwa kukuomba uizime na kuiwasha ruta.